Kampuni yetu ya kahawa Moshi inahitaji mawingu mangapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni msimamizi wa ofisi katika kampuni ya familia ya kahawa hapa Moshi. Tunafanya kazi na wakulima wapatao elfu nne wa Kibosho, Machame na Marangu kupitia vyama vyao vya msingi. Mfumo wetu wa mapokezi na malipo uko Amazon, kituo cha Ireland. Ndani yake kuna majina ya wakulima, namba za simu wanazolipiwa, picha za vitambulisho, alama za GPS za vihamba (mashamba ya familia) na mikataba ya wanunuzi, jumla kama gigabaiti 900. Mshauri kutoka Dar es Salaam ametuandikia mpango wa kuendesha mfumo huo kwenye mawingu matatu kwa wakati mmoja, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti za Amazon, Google na Microsoft, ili moja likianguka mengine yaendelee. Bei imemtisha mzee. Je, tunahitaji hayo yote? Na sheria yetu inaruhusu taarifa za wakulima kukaa nje ya nchi?"

Jibu:

Dada, hamhitaji mawingu matatu ya kuendeshea mfumo. Mnahitaji wingu moja la kufanyia kazi, wingu la pili la kampuni nyingine ambalo kazi yake ni kutunza nakala tu, na diski mbili zinazopokezana hapohapo Moshi. Mshauri wenu ana haki ya kuhofia kampuni moja kushika kila kitu chenu. Hofu yake ni sahihi, ila dawa aliyoiandika ni ya ugonjwa mwingine.

Fikiria maana ya kuendesha mfumo mmoja sehemu tatu kwa wakati mmoja. Mkulima wa Kibosho analipwa kilo zake asubuhi. Rekodi ile inapaswa kuandikwa Amazon, Google na Microsoft kwa pamoja, na zote tatu zikubaliane. Mawasiliano kati yake yakikatika kwa dakika kumi, wingu moja litasema kalipwa na jingine litasema bado. Nani ana ukweli? Kuna mbinu za kulitatua hilo, na benki kubwa zinazitumia, lakini zinahitaji wahandisi wa kudumu wanaolijua kila wingu kwa undani: namna linavyogawa ruhusa, linavyounganisha mitandao, linavyotoza. Ofisi yenye kijana mmoja wa TEHAMA ikibebeshwa mzigo huo inapata milango mitatu ya kulinda badala ya mmoja, na mfumo unaosimama mara nyingi zaidi kuliko mwanzo. Kwa kampuni ya ukubwa wenu naupinga mpango huo waziwazi.

Sasa tuzitazame hofu zenyewe, maana kila moja ina dawa yake.

Hofu ya kwanza ni wingu kuanguka kwa saa kadhaa. Hutokea. Tarehe 20 Oktoba 2025 kituo cha Amazon cha Virginia Kaskazini, Marekani, kilipata hitilafu iliyoanzia kwenye rekodi za DNS (daftari la anwani za mtandao) za kanzidata yao, yaani programu ya kutunzia rekodi, iitwayo DynamoDB, na huduma nyingi duniani zikayumba kwa sehemu kubwa ya siku. Swali la kujiuliza ni hili: jambo kama hilo likitokea Ireland katikati ya msimu, kahawa itaacha kupimwa? Ikiwa vishkwambi vya vituoni vinaweza kupokea na kuhifadhi vipimo vya mizani bila mtandao, kisha vikatuma vyote mtandao ukirudi, basi kazi inaendelea na malipo yanachelewa hadi jioni. Kama havifanyi hivyo, pesa za mawingu mawili ya ziada zipelekwe kwa mtengeneza programu aongeze uwezo huo. Utawasaidia pia siku umeme au mtandao unapokatika huko juu mlimani, jambo ambalo mtakutana nalo mara nyingi zaidi kuliko kituo cha Ireland kuzimika.

Hapo tumegusa jambo ambalo mipango mingi ya mawingu inayoandikwa huku kwetu inalisahau. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kaskazini ya Durban. Seacom tayari ilikuwa na jeraha upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huohuo, kwa hiyo njia ya kusini na ya kaskazini zote zikawa na kasoro, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Kisha kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikakatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku hizo ungekuwa na mawingu kumi, yote yangekuwa mazima huko yaliko na wewe Moshi usingeliona hata moja. Kinachosaidia siku kama hiyo ni nakala ya malipo ya jana iliyopo ofisini kwenu. Ndiyo sababu nimesema diski ya Moshi, na siichukulii kama nyongeza ya hiari.

Hofu ya pili ni nzito zaidi: kampuni ya wingu, au mtu mwenye ufunguo wenu, kufuta kila kitu. Mwanzoni mwa Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, ulikuta usajili wake wa wingu kwa Google umefutwa kwa kosa la upangaji upande wa Google. Walikuwa wamejipanga vizuri, na mazingira yao yalikuwa yamerudiwa katika maeneo mawili. Ufutaji ukapita kote kuwili kwa sababu yote yalikuwa chini ya usajili mmoja. Wanachama walikaa takriban wiki moja bila kuingia kwenye akaunti zao, na miongoni mwa vilivyowaokoa ni nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Angalia vizuri: mtoa huduma yule wa pili hakuwa akiendesha mfumo wao. Alikuwa ameshika nakala.

Miaka kumi kabla, Juni 2014, kampuni ya Code Spaces iliyokuwa ikitunza kazi za watengeneza programu ilivamiwa kupitia akaunti yake ya Amazon. Mvamizi alidai fedha, na walipojaribu kumtoa akaanza kufuta: mashine, data, na nakala zake, kwa kuwa vyote vilifunguka kwa akaunti ileile. Kampuni ilifunga shughuli. Na Machi 10, 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala katika eneo hilohilo wakapoteza vyote viwili, asili na nakala.

Ghala la pili halina maana ufunguo wake ukining'inia kwenye pete moja na wa ghala la kwanza. Wingu lenu la pili liwe kampuni tofauti, akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe tofauti, nywila tofauti, uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu tofauti, na kadi ya benki tofauti. Hilo la kadi wengi hulicheka mpaka yawakute. Kadi inaisha muda Machi, anayepokea barua za onyo yuko likizo au ameshaacha kazi, na baada ya muda akaunti inasimamishwa. Mawingu yenu yote mawili yakilipiwa na kadi moja, basi kadi hiyo ndiyo sehemu moja inayoweza kuwaangusha.

Niseme zaidi kidogo kuhusu umiliki, maana katika kampuni za Arusha na Moshi, za utalii, za maua, za kahawa, hili ndilo ninaloliona likileta machozi kuliko hitilafu yoyote ya Amazon. Akaunti ya wingu ilifunguliwa miaka kadhaa nyuma na kijana mwenye bidii, kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu. Kijana akapata kazi Dar es Salaam au Nairobi. Hana ubaya wowote, ila laini ya simu ameibadilisha, na siku inapohitajika kuthibitisha mwenye mali, kampuni inajikuta inaomba huruma kwa mtu ambaye hana tena wajibu nayo. Wewe uliyeniandikia, kabla hujamjibu mshauri, tafuta akaunti kuu ya Amazon imefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa si anwani ya kampuni, badilisha wiki hii. Angalia vilevile jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa jina la nani, kwa sababu barua pepe ya kampuni inasimama juu ya jina hilo.

Sasa hesabu, ili mzee atulie. Bei zilizotangazwa za Amazon kwa kituo cha Ireland ni kama dola 0.023 kwa gigabaiti moja kwa mwezi kwa hifadhi yao ya kawaida ya faili iitwayo S3. Gigabaiti 900 ni takriban dola 21 kwa mwezi. Kuitoa data nje ya Amazon kwenda kwenye intaneti ni kama dola 0.09 kwa gigabaiti, gigabaiti 100 za kwanza za kila mwezi zikiwa bure. Kwa hiyo kuipeleka nakala yote ya kwanza kwenye wingu la pili kutawagharimu takriban dola 72, mara moja. Baada ya hapo kinachosafiri ni kilichobadilika tu, na kama hakizidi gigabaiti 100 kwa mwezi hamtatozwa usafiri. Hifadhi kama R2 ya kampuni ya Cloudflare inatoza takriban dola 0.015 kwa gigabaiti na haitozi data inapotoka. Kwa gigabaiti 900 ni kama dola 13.50 kwa mwezi. Ongeza kodi na makato ya benki, bado ni fedha inayozungumzika. Linganisha na mpango wa mawingu matatu yanayoandikiana usiku na mchana, ambapo kila rekodi inayovuka mpaka wa wingu inatozwa, na mashine tatu zinawaka hata usiku ambao hakuna kilo moja iliyopokelewa.

Mtaambiwa kuna hifadhi ya bei nafuu zaidi, ile ya kina ya Amazon iitwayo Glacier Deep Archive, takriban dola moja kwa terabaiti nzima kwa mwezi. Ni kweli, na inafaa kwa picha za misimu ya zamani. Ila kukirudisha kitu kunaweza kuchukua saa 12 au zaidi, mnalipia angalau siku 180 hata mkifuta kesho, na bado imo ndani ya akaunti ileile ya Amazon. Haichukui nafasi ya wingu la pili.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana kwenye ankara: muda wa kurudisha. Tuseme mna mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde na wote mmeutenga kwa kazi hiyo. Kushusha gigabaiti 900 kutachukua saa mia moja, zaidi ya siku nne, bila kukatika hata mara moja. Katikati ya mavuno ya Oktoba siku nne ni msiba. Lakini itazame data yenyewe. Uzito wenu uko kwenye picha. Kanzidata ya wakulima, mizani, malipo na alama za GPS ikitengwa haitazidi gigabaiti chache, na gigabaiti tano kwa mtandao huohuo zinashuka kwa nusu saa na ushei. Kwa hiyo msizitunze zote kwa namna moja. Kanzidata ichukuliwe nakala kila saa msimu wa mavuno, iende wingu la pili na ishuke kwenye diski ya ofisini. Picha zichukuliwe nakala usiku, mara moja kwa siku. Mikataba na nyaraka za wanunuzi ziende pamoja na kanzidata, ni nyepesi.

Kwa kazi hiyo hamhitaji programu ya bei. Kanzidata kama PostgreSQL au MySQL zina amri zake za kutoa nakala, na rclone, programu ya bure ya kunakili faili, inajua kuzungumza na karibu kila hifadhi ya wingu iliyopo, kwa kuwa watoa huduma wengi wameiga lugha ya S3 ya Amazon. Nakala ifungwe kwa ufunguo wa siri kabla haijatoka, na ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi, ubaki kwenye sefu ya ofisi na nakala yake kwa mzee au benki. Ukipotea, hata mtoa huduma mwenyewe hawezi kuwafungulia. Kisha hakikisheni hifadhi ya pili ina kufuli la muda na liwasheni, lile linalozuia faili lisifutwe na yeyote, hata mwenye akaunti, mpaka siku zilizowekwa ziishe. Virusi vya kudai kikombozi vikiingia ofisini na kupata nywila zote, vitaishia hapo. Siku 60 hadi 90 zinatosha. Msiweke miaka, na sababu yake ni ya kisheria.

Tuingie kwenye sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kampuni yenu, kwa kukusanya majina, namba za simu na vitambulisho, ni mkusanyaji wa taarifa binafsi na inatakiwa kujisajili kwa Tume. Alama ya GPS ya kihamba ikikaa pembeni ya jina la mwenye kihamba, nayo ni taarifa binafsi. Sheria haikatazi moja kwa moja data kuvuka mpaka. Inaweka masharti: ulinzi wa kutosha huko inakokwenda, na kanuni za 2023 zina utaratibu wa kuomba kibali cha Tume kwa usafirishaji huo. Kama data yenu imekuwa Ireland muda wote bila hilo kufanyika, lifanyeni sasa, kwa mwanasheria anayeijua sheria hii. Mkulima naye ana haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au ziondolewe, na ndiyo maana nimesema kufuli lisiwe la miaka.

Utaona hapo kwamba kila wingu mnaloongeza katika nchi nyingine ni eneo jingine la kutaja, kuliombea kibali na kulijibia. Mawingu matatu yana bei hata kwa Tume. Punguzeni pia kinachosafiri. Picha ya kitambulisho mkishaihakiki, kuna haja gani ya kuisambaza sehemu tatu? Na wanunuzi wenu wa Ulaya, kwa ajili ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, ile namba 2023/1115, wanahitaji kujua kahawa ilitoka shamba gani na kwamba ardhi hiyo haikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba la chini ya hekta nne, alama moja ya GPS inatosha, na vihamba vingi ni vidogo kuliko hapo. Hawahitaji namba ya simu ya mkulima. Utekelezaji wa kanuni hiyo umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini alama mlizokwisha kukusanya ni mali: mtu amepanda hadi Marangu juu, kihamba kwa kihamba, kuzipata. Kumbukumbu zake zinapaswa kutunzwa miaka mitano huko Ulaya, na hapa nyumbani kumbukumbu za kodi nazo ni miaka mitano. Ziwekeni katika muundo wa wazi kama GeoJSON au hata jedwali la kawaida, ili zisomeke popote hata mkihama Amazon.

Kuhama nako kumekuwa rahisi kuliko zamani. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft, kwa kufuatana kati ya Januari na Machi, walitangaza kutowatoza gharama ya usafiri wa data wateja wanaoondoka kabisa, kwa masharti yao. Kinachofunga mtu siku hizi ni mfumo kujengwa juu ya kanzidata ambayo inapatikana kwa kampuni moja tu. Muulize aliyewatengenezea: tukiondoka Amazon kesho, ni sehemu gani itabidi iandikwe upya? Akisema kanzidata ni PostgreSQL na faili ziko S3, mko salama.

Halafu kuna wingu ambalo huenda hamjalihesabu. Barua pepe za ofisi ziko wapi? Kama ziko Google au Microsoft, tayari mna mawingu mawili, na la pili ndilo halina nakala. Faili linalofutwa kwenye Google Drive hukaa kwenye pipa siku 30, kisha limekwenda. Mazungumzo ya bei na wanunuzi yanaishi humo. Yaingizeni kwenye mpango wa nakala pamoja na mengine.

Kuhusu kuhamisha mfumo kutoka Ireland kwenda Afrika Kusini, ambako Microsoft wapo tangu 2019, Amazon wapo Cape Town tangu 2020 na Google wamefungua Johannesburg 2024: kwa sasa bakini mlipo. Cape Town ni ghali kuliko Ireland, na ule mkatiko wa Mei 2024 ulikuwa kwenye njia hiyohiyo ya kwenda kusini.

Mjibu mshauri wenu kwa heshima, maana amewafungua macho, na mwombe aandike upya mpango wenye wingu moja la kazi, moja la nakala, na diski mbili za ofisini zinazopokezana, moja ikilala nje ya jengo. Katika mkataba awekewe jaribio la kurudisha data kabla ya Julai, mavuno hayajaanza: kompyuta tupu, nakala kutoka wingu la pili, bila kugusa Amazon kabisa. Siku hiyo mhasibu akae pembeni yake na daftari la malipo la wiki moja ya msimu uliopita, lenye saini za wakulima, alilinganishe mstari kwa mstari na kinachoonekana kwenye skrini. Malipo ya mwisho ya mshauri yatoke baada ya mhasibu kusaini.